Kinachoyeyuka Kwenye Fizi Kinakwenda Wapi?

Hotuba iliyotolewa Dodoma kwa watumishi wa afya ya kinywa na wananchi, katika wiki ya Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani

Mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wenzangu wa kinywa na meno, wafamasia, wanafunzi, nanyi ndugu zangu mliokuja kutoka Chamwino, Bahi, Kongwa na mitaa ya hapa mjini: wakubwa shikamooni, wengine wote habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa nusu saa na amenionya kwamba chai iko tayari. Nikizidisha, nivuteni shati.

Nimeombwa nizungumzie vipandikizi vya dawa vinavyowekwa ndani ya fizi na kuyeyuka vyenyewe. Kwanza niondoe mkanganyiko. Sisemi habari ya jino la bandia linalofungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa taya, wala vile vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi. Nasema habari ya kipande kidogo chenye dawa, kingine kina milimita 4 kwa 5 na unene wa theluthi moja hivi ya milimita, ambacho daktari anakichomeka kati ya fizi na jino, anakuaga, na hakirudii tena. Siku zikipita hakipo.

Asubuhi hii pale mlangoni mzee mmoja wa Mvumi alinishika mkono, akaniuliza: "Mwanangu daktari, kitu kikiyeyuka ndani ya mtu, kinakwenda wapi?" Nikamwambia, baba, umemaliza hotuba yangu kabla sijaianza. Wataalamu wanalivalisha swali hilo majina marefu, lakini ni hilo hilo. Na jibu langu nalitoa mapema, ili hata atakayewahi chai aondoke nalo: kinakwenda mahali salama, mradi kinakwenda kwa kasi inayotakiwa. Na kasi hiyo haipangwi kiwandani peke yake. Inapangwa pia na ugonjwa uliomo kwenye fizi, na mkono wa aliyesafisha jino, na stoo ilikotunzwa dawa.

Tuanzie kwenye ugonjwa wenyewe. Fizi yenye afya imelishika jino. Ukitia kipimo katikati kinazama milimita moja hadi tatu, basi. Utando wa bakteria ukiachwa, ukagumu kuwa ugaga, fizi inavimba, inatoa damu ukipiga mswaki, na polepole inaliachia jino. Pale ilipoachia panabaki mfuko. Kipimo kikizama milimita tano, sita, saba, ujue na mfupa umeanza kuondoka. Mgonjwa mwenyewe huja kwetu akisema meno yanacheza. Ugoro na sigara vinaharakisha safari hiyo, na kisukari ndiyo usiseme: sukari isipodhibitiwa fizi haiponi, na fizi ikiwa mbovu sukari nayo inasumbua kudhibitiwa.

Hapa niseme neno kwa ndugu zangu wa Singida na wa vijiji vingine vyenye maji ya floridi nyingi, maana naulizwa kila mara. Ile rangi ya kahawia kwenye meno ni habari nyingine kabisa. Si ugonjwa wa fizi, na hakuna kipandikizi cha dawa kitakachoiondoa. Anayewaambia kinaondoa anataka fedha zenu.

Tiba ya msingi ya mifuko hii ni kukwangua: kutoa ugaga juu ya fizi na chini yake, mpaka mzizi wa jino uwe safi. Kipandikizi kinakuja kama nyongeza. Majaribio mengi yaliyolinganisha wagonjwa waliokwanguliwa tu na waliokwanguliwa kisha wakawekewa dawa hii yameonyesha nafuu ya ziada isiyofika milimita moja kwa wastani. Nafuu ipo, na kwa jino lenye mfuko mmoja sugu inaweza kuwa na maana, ila ni ndogo. Nalisema mapema kwa sababu ukubwa wa faida ndio unaotuambia tuvumilie madhara kiasi gani. Dawa inayookoa uhai tunaivumilia hata ikitapisha. Dawa inayoongeza sehemu ya milimita hatuna sababu ya kuivumilia ikimletea mtu jipu.

Basi kwa nini tuhangaike nayo? Kwa sababu mfuko wa fizi ni mahali pagumu kufikisha dawa. Dawa ya kusukutua haizami humo. Vidonge vinazunguka mwili mzima ili kijisehemu kidogo tu kifike panapouma, na tumbo ndilo linalolipa gharama. Na ukisema umimine dawa ya maji moja kwa moja ndani ya mfuko, kuna jambo wengi hawalijui: fizi iliyovimba inatoa majimaji muda wote. Katika mfuko wa milimita tano majimaji hayo yanabadilika kiasi cha mara 40 kwa saa moja, yaani kila dakika moja na nusu yaliyomo yametoka na mengine yameingia. Dawa ya maji ikiwekwa humo haimalizi hata kipindi cha taarifa ya habari.

Ndiyo maana mwaka 1979, huko Boston, Marekani, Max Goodson na wenzake walijaribu kuweka ndani ya mfuko nyuzi zilizojazwa antibayotiki ya tetrasaiklini, ili dawa itoke polepole na iendelee kutoka. Wazo likashika. Mwaka 1994 Marekani iliidhinisha Actisite, uzi wa plastiki wenye tetrasaiklini uliozungushiwa jino kwa siku kumi. Ulifanya kazi, lakini ulikuwa hauyeyuki. Mgonjwa alipaswa kurudi atolewe. Mweke mtu wa Mpwapwa au Manyoni katika hesabu hiyo: amepanda basi, amepanga foleni, amewekewa uzi, siku kumi baadaye apande basi tena kwa ajili ya kutolewa uzi. Wengine wasingerudi, na uzi uliosahaulika ndani ya fizi unakusanya uchafu uleule tuliotaka kuuondoa.

Mwaka 1998 vikaja viwili vinavyoyeyuka. PerioChip ni kile kipande nilichokitaja, cha jelatini kilichobeba miligramu 2.5 za klorheksidini, dawa ya kuua bakteria. Atridox ni majimaji mazito yenye antibayotiki ya doksisaiklini yanayogandia ndani ya mfuko yakikutana na unyevu. Mwaka 2001 ikafuata Arestin, unga wa vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye antibayotiki ya minosaiklini. Kwa mgonjwa wa mbali hili ni jambo jema sana. Lakini lina upande wake wa pili, nao hausemwi sana kwenye vipeperushi: kisichohitaji kutolewa, kikileta shida, hakitoleki kirahisi. Kijiti cha uzazi wa mpango unakipapasa mkononi, unakichomoa kizima. Polima, yaani ile nyenzo ya minyororo mirefu inayobeba dawa, ikishagandia ndani ya mfuko wa fizi unaitafuta kwa kifaa cha kukwangulia, kipande kipande, kwenye fizi inayovuja damu. Kwa hiyo lazima tuwe na uhakika kabla ya kukiweka.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Kinakwenda wapi?

Vingi vya vipandikizi hivi vimetengenezwa kwa polima za asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Si vitu vigeni kwa tiba. Nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe zimetengenezwa kwa jamii hiyo ya polima tangu miaka ya 1970, na pengine nusu ya akina mama walioko ukumbini hapa wamewahi kushonwa nazo. Maji yanaingia ndani ya polima, yanaikata minyororo yake mirefu kuwa mifupi, mifupi inakuwa asidi, na asidi hiyo mwili unaichoma kuwa hewa ya kaboni dioksidi na maji. Unaipumua nje, unaikojoa, imekwisha. Asidi ya laktiki ni ileile inayotengenezwa na misuli yako unapolima au kukimbilia daladala. Mwili wa mtu mzima, hata akiwa amekaa tu, unazalisha na kuitumia tena kiasi kinachozidi gramu 100 kwa siku. Kipandikizi kizima hakifiki gramu moja. Kwa mwili mzima, baba, hicho si kitu.

Jelatini nayo ni protini. Inakatwakatwa na vimeng'enya kuwa vipande vya protini, mwili unavila. Wagonjwa waliowekewa vipande vinne vya PerioChip kwa pamoja walipopimwa damu na mkojo, klorheksidini haikuonekana. Dawa inabaki pale pale mdomoni.

Ningeweza kuishia hapo, mkapiga makofi. Wauzaji wengi huishia hapo. Lakini mwili mzima sio unaowekewa kipandikizi. Anayewekewa ni ufizi mmoja, katika mfuko mwembamba, na hapo hesabu inabadilika. Kiasi cha asidi ambacho damu yote haikioni kinaweza kuwa kikubwa mno kwa seli zilizokigusa.

Kuna kisa cha kweli kutoka kwa wenzetu wa mifupa. Katika miaka ya 1980, huko Helsinki, Ufini, madaktari walianza kufunga mifupa iliyovunjika kwa pini za asidi ya glikoliki zinazoyeyuka, ili mgonjwa asirudi kutolewa chuma. Mifupa iliunga vizuri. Lakini baadhi ya wagonjwa, wiki kadhaa au miezi michache baadaye, wakati kidonda kimeshapona na watu wamesahau, walivimba ghafla pale pini ilipokuwa, na wengine wakatoboka kikatoka kitu kama usaha. Walipopima, hakukuwa na kijidudu hata kimoja. Ilikuwa ni mabaki ya polima yenyewe, yametoka mengi kwa wakati mmoja kuliko seli za pale zilivyoweza kuyaondoa. Angalieni: kitu kilekile kilichokuwa salama kwenye uzi mwembamba wa kushonea kilileta shida kwenye pini nene. Nyenzo haikubadilika. Kilichobadilika ni wingi na mwendo.

Na mwendo wa polima hizi una tabia ya kudanganya. Haziliki kutoka nje kwenda ndani. Maji yanapenya mpaka katikati, na minyororo inakatika kila mahali kwa pamoja. Tena asidi inayozaliwa karibu na uso inatoka na kuoshwa, ile ya katikati haina pa kutokea. Inajilundika, na asidi inaharakisha kukatika kwa minyororo iliyobaki. Kwa hiyo kipandikizi kinaoza ndani huku nje kikionekana kizima, sawasawa na nguzo ya tembe iliyoliwa na mchwa: unaiona imesimama, unaiegemea, siku moja inakwenda chini yote. Siku hiyo asidi iliyofungiwa inatoka kwa mkupuo. Ukipima uzito wa kipandikizi kila wiki unaweza kuona haujapungua, ukaandika kwamba hakijaanza kuyeyuka, kumbe minyororo ndani imeshakuwa nusu ya urefu wake. Ndiyo maana maabara makini hayapimi uzito peke yake. Yanapima na urefu wa minyororo, na ukali wa asidi ya maji kilimolowekwa.

Mtengenezaji anaweza kuucheza mwendo huo. Akichanganya asidi mbili nusu kwa nusu, polima inaisha haraka, mwezi mmoja hadi miwili. Akiongeza ya laktiki ikawa robo tatu, inakwenda miezi minne au mitano. Ya laktiki tupu, ile iliyojipanga vizuri, inaweza kukaa miaka. Sasa jiulizeni swali ambalo mimi humuuliza kila anayeniletea bidhaa mpya: dawa inaisha siku ya ngapi, na polima inaisha lini? Kama dawa inatoka yote kwa siku kumi na polima inabaki miezi mitano, kwa miezi minne na ushee mgonjwa amebeba kitu kigeni kwenye fizi bila faida yoyote. Seli walaji zinakuja kukichunguza, zikishindwa kukimeza zinaungana kuwa seli kubwa, mwili unakizungushia nyuzi. Hilo ni jambo la kawaida kwa kitu kigeni na mara nyingi linapita kimya. Lakini kwenye fizi iliyokuwa imeshavimba kwa ugonjwa, sioni kwa nini tuongeze ugeni mwingine bila sababu.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonikosesha raha zaidi kwenye ripoti nyingi ninazosoma. Kipimo cha kawaida cha kuyeyuka kinafanywa kwenye chupa: maji ya chumvi maalumu, nyuzi joto 37, ukali wa asidi (pH) 7.4, kipandikizi kinalowekwa, wanasubiri. Chupa haina vimeng'enya. Fizi inayoumwa imejaa vimeng'enya vya kukata protini, ndivyo hivyo hivyo vinavyokula nyama inayolishika jino. Kipandikizi cha jelatini kikiwekwa humo kinakatwa kwa vimeng'enya hivyo hivyo. Maana yake aliyeumwa zaidi anakiyeyusha haraka zaidi, na yule ambaye tungetaka dawa ikae naye kwa muda mrefu ndiye inayomwishia mapema. Chupa pia haitafuni ugali, haina ulimi, haipigi mswaki. Kwa hiyo mtu akiniambia bidhaa yake inakaa siku kumi, namuuliza: inakaa wapi?

Baada ya chupa huja seli. Seli za fizi zinaoteshwa maabara, zinawekewa maji kilimolowekwa kipandikizi, kisha zinahesabiwa zilizo hai. Kwa viwango vya kimataifa vya ISO 10993, zikibaki hai chini ya asilimia 70, bidhaa inahesabiwa kuwa ina sumu kwa seli, na lazima mtu aeleze. Hapa klorheksidini inatia aibu kidogo, maana dawa inayoua bakteria vizuri haizipendi sana seli za fizi pia. Ndiyo sababu ya kuitoa polepole. PerioChip, kwa mfano, inatoa karibu asilimia 40 ya dawa katika saa 24 za kwanza, kisha inayobaki inatoka taratibu kwa siku 7 hadi 10. Wagonjwa wengine wanasikia maumivu kidogo au ugumu kwenye fizi wiki ile ya kwanza, yakapungua. Hayo tuwaambie kabla, wasije wakadhani tumewaharibu.

Tena tusiitazame polima tu tukasahau vilivyotumika kuitengeneza. Jelatini inakazwa kwa glutaraldehaidi ili isiyeyuke kwa saa chache. Glutaraldehaidi ikibaki bila kuoshwa ni sumu kwa seli. Vile vidonge vidogo mara nyingi vinatengenezwa kwa kiyeyushi kiitwacho diklorometheni, na kinachoruhusiwa kubaki kwenye dawa ni sehemu 600 tu katika milioni. Polima ya laktiki huchochewa kwa kemikali ya bati. Ule mchanganyiko unaogandia ndani ya mfuko unatumia kiyeyushi cha NMP, ambacho hutoka na kuingia kwenye tishu ndipo polima igande. Kwa dozi kubwa kimedhuru vijusi vya wanyama, na hicho kinanitosha kutomwekea mama mjamzito kitu ambacho kinaweza kungoja. Doksisaiklini na minosaiklini zenyewe ni jamii ya tetrasaiklini, na jamii hiyo hatuwapi wajawazito wala watoto wadogo kwa sababu inapaka rangi meno yanayoendelea kuota. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hizo, au wa klorheksidini, aseme. Mzio wa klorheksidini ni nadra, lakini ukija unaweza kuja kwa kishindo.

Kuhusu bakteria kuzoea dawa nitasema kidogo tu, wanafunzi mtalisoma. Kila kipandikizi kina mkia: siku za mwisho ambapo dawa inatoka kidogo kiasi cha kutoua bakteria, ila inatosha kuwafundisha. Mkia ukiwa mrefu, mafunzo yanakuwa marefu. Kwa hiyo tusigawe vipandikizi vya antibayotiki kwa kila fizi inayotoa damu.

Sasa nije nyumbani. Dodoma.

Nimewaambia maji na joto ndivyo vinavyoikata polima. Polima haijui kama imo mdomoni au imo kwenye paketi. Ikipata unyevu na joto, inaanza kazi. Mzigo ukishuka bandarini Dar es Salaam unakutana na joto lenye unyevunyevu. Ukipanda huku unakutana na jua la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ambalo ninyi mnalijua kuliko mimi. Polima hizi zikiwa kavu ni ngumu kama kioo, lakini karibu na nyuzi joto 45 hadi 50 zinalegea. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani pale Majengo au stendi ya Nanenane linapita joto hilo bila shida. Vile vidonge vidogo vikilegea vinashikana. Ukivirudisha kwenye baridi vinakuwa vigumu tena, paketi haijachanika, tarehe haijapita, na kwa macho huoni kitu. Lakini sasa dawa haitatoka kama ilivyopangwa. Inaweza kutoka yote siku ya kwanza, au isitoke ipasavyo.

Kwa hiyo wenzangu wafamasia na watunza stoo, hili ninalowaambia si utaratibu wa makaratasi. Joto la stoo likiandikwa kwenye daftari mara mbili kwa siku, hapo ndipo usalama wa fizi ya mgonjwa unapotunzwa. Dawa isitumwe kwa bodaboda mchana wa jua ikiwa ndani ya mfuko mweusi. Paketi ya foili isifunguliwe mpaka mgonjwa amekaa kwenye kiti na mfuko umeshakwanguliwa. Paketi iliyofunguliwa jana, ikafungwa kwa plasta ili itumike leo, itupwe. Najua bei yake inauma. Itupwe.

Kuna wasiwasi mwingine niliousikia: nani anavithibitisha vitu hivi? Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo zamani tuliijua kama TFDA mpaka mwaka 2019, ina makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Kipandikizi chenye dawa ni dawa na ni kifaa kwa pamoja, na kisichosajiliwa kisiguse mdomo wa mtu, hata kama kimeletwa na ndugu kutoka ng'ambo kwa nia njema. Na anayetaka kukifanyia utafiti kwa wagonjwa wetu, hata kama ni profesa, anapita kwanza kwenye kamati ya maadili.

Mwenyekiti ananiangalia. Nina nafasi ya maswali machache.

Mama mmoja, mkulima wa zabibu wa Hombolo, anauliza kama ukishawekewa unaweza kula na kunywa kawaida, na kama mswaki wa mti unakubalika. Mama, kula unakula, ila upande ule usitafunie vitu vigumu kwa siku chache, na usipitishe uzi wa meno wala kijiti cha kuchokonolea mahali pale kwa siku kumi, maana utakichomoa. Meno mengine piga mswaki kama kawaida. Mswaki wa mti ni mzuri, na huku kwetu miti yake tunayo. Upande wenye kipandikizi upumzishe kwanza. Mvinyo, mama, naona umeuliza kwa niaba ya mwingine. Kidogo hautakiyeyusha kipandikizi, lakini kama umepewa na dawa za kumeza uliza kwanza.

Tabibu wa kituo cha afya anauliza afanye nini mgonjwa akirudi wiki mbili baadaye, fizi imevimba pale alipowekewa. Ndugu yangu, usikimbilie antibayotiki. Angalia kwanza kama kuna ugaga uliobaki. Mara nyingi huyo ndiye mwenye kosa, na kipandikizi kinasingiziwa. Pima mfuko, osha kwa maji safi ya chumvi, ondoa mabaki ya polima unayoyaona. Homa, uso kuvimba au kushindwa kumeza, mpeleke hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Kisha andika: jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe uliyoweka, na ilikotunzwa. Jaza ile fomu ya njano ya TMDA hata kama huna uhakika kwamba kipandikizi ndicho kilicholeta. Uhakika si kazi yako peke yako. Ripoti tatu za namba moja ya toleo kutoka wilaya tatu zinaweza kuonyesha kosa ambalo daktari mmoja hawezi kuliona akiwa peke yake chumbani.

La mwisho ni la mwanafunzi wa famasia, anauliza kwa nini tusitengeneze vyetu kwa malighafi za hapa, kama gundi ya migunga. Nimelipenda swali. Jaribuni. Ila msiniambie ni salama kwa sababu imetoka porini. Kitosani, nyenzo nyingine ya asili ya kubebea dawa, inatoka kwenye maganda ya kamba wa baharini na bado kuna watu wenye mzio wa kamba. Anzeni na lile swali la mzee wa Mvumi. Lowekeni kipande chenu kwenye maji ya nyuzi 37 yenye kimeng'enya na yasiyo nacho, mpime vyote viwili. Kisha chukueni vingine, mvifunge kwenye paketi zake, mviweke miezi sita kwenye nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, mvirudie kipimo kilekile. Vikitoa dawa kwa mwendo uleule wa mwanzo, njooni ofisini kwangu na matokeo, tukae tupange seli.